Nyeupe ya Kufula

...nyeupe ni nyeupe, anasema Davis, nyeupe ni nyeupe shemeji, fungua moja tuone kazi, na mimi ncha ya bisibisi nimeshaiingiza chini ya mfuniko, bado kuminya tu, mkono umegoma, siyo kwa uoga, hapana, mkono huu haujaogopa kitu tangu siku ile ulipotupa udongo juu ya mume wangu Telesphori, umegoma kwa sababu kopo lina maneno, na mimi siku hizi kitu chenye maneno sikipiti hivi hivi, nakisoma kwanza, nyeu-pe, ya, ku-fu-la, nyeupe ya kufula, mwandiko wa mume wangu huo, kalamu nene ya makapeni nyeusi juu ya plasta, herufi zimeinama mbele kama watu wanaopandisha kilima na mizigo kichwani, na Davis, mdogo wake marehemu, amekaa mlangoni na kivuli chake kimeingia mpaka mezani kwangu, anasema si hiyo hapo, ya kufua, kaka mwenyewe kaandika, nguo si inafuliwa? sasa unashangaa nini? na Mwalimu Wiliam wa kwaya, aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Ushirombo kuja kuona sampo, mfano wa kazi yake, anacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye adabu aliye kwenye ugomvi usio wake, anasema Mama Ritha, mimi sina mengi, nataka kitu kimoja tu, isitoke, maana zile fulana za mwaka jana tulizochapisha kwingine, tulipofua mara ya kwanza malaika akabaki na bawa moja, ya pili hakuna malaika, kuna wingu... isitoke, nimekusikia Mwalimu, haitatoka, lakini ipi, makopo ya rangi nyeupe yamepangwa mbele yangu kama watoto wa shule mstarini, yote meupe ndani, ukifungua yote yanafanana, maziwa mgando matupu, hakuna linalokuambia mimi ni wa jezi mimi ni wa pamba, zamani yaliniambia, zamani kila kopo lilikuwa na kipande cha kitenge kwenye mshikio, Telesphori alinifungia yeye mwenyewe kwa sababu alijua herufi hazisemi na mimi, njano jezi, kijani pamba, maua mekundu vitambaa laini, akiniita kutoka kwenye mashine, niletee njano, naleta njano, hatukukosea hata siku moja, halafu msiba, makopo yakatolewa nje watu wapate pa kukaa, watoto wa msibani wakaona matambara mazuri wakayafungua yote wakayaviringisha wakafanya mpira, wakaucheza pale pale nyuma ya jiko la wapishi, na mimi nimekaa chini na kanga kichwani nasikia watoto wanapiga kelele goli, goli, sijui kama ndiyo macho yangu yanayopigwa mateke...

sikuwagombeza, watoto wa nani uwagombeze siku ya msiba, nilichofanya baada ya matanga ni kwenda kanisani kwenye kile chumba cha nyuma, kwa Mwalimu Febronia anayefundisha watu wazima kusoma, nikakaa kwenye dawati la mtoto magoti yakagonga ubao, nikasema shikamoo ingawa ni mdogo kwangu, akashtuka akasema mama mimi ndiye wa kukuamkia, nikamwambia hapana, hapa wewe ndiye mkubwa, nifundishe makopo, akasema makopo? nikasema mume wangu ameandika kwenye makopo ya rangi na mimi sisomi, na nikifa njaa itakuwa nimefia mbele ya maneno... ngumbaru, Davis ndivyo alivyoniita hata kwenye kikao cha ukoo kule Kagongwa, ngumbaru wetu huyu ataijulia wapi rangi, kaka alikuwa na ufundi wake kaondoka nao, ofisi ile ina mlango barabarani, Katoro mtu akiwa na mlango barabarani anaukalia mlango? tuweke kijana auze mikeka ya kubeti, wachimbaji wakitoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, na hela yao mkononi watapita wapi, na wazee wakatikisa vichwa, kushoto, kulia, halafu baba mkwe akasema ana kazi ya kwaya mezani, kazi kubwa, tumwache nayo, akiiweza ofisi ni yake na watoto wake, akiiharibu Davis achukue mlango, ndiyo maana leo Davis kaja kukaa hapo, hajaja kunisaidia, amekuja kuupima mlango kwa mgongo wake...

sawa, kaa, kaa uone, mimi nasoma, siku hizi nasoma kila kitu, nikitoka nyumbani mpaka hapa sipumziki, nasoma matairi, nasoma nyuma za bodaboda, Mungu Hachelewi, Wivu Wako Petroli Yangu, nasoma mashine ya kusaga, nasoma ukuta ule wa stendi nilioupendea kivuli miaka na miaka, niliweka tenga langu la nyanya pale enzi zile nauza nyanya, nakaa, nanyonyesha, watu wanapita wananiangalia wanatabasamu nadhani ni wema wa watu, siku niliyoweza kusoma nikaenda nikasimama mbele yake nikasoma, u-si-ko-jo-e ha-pa, nikacheka peke yangu katikati ya stendi mpaka machozi, Mama Ritha na nyanya zake chini ya usikojoe hapa, wanunuzi walikuwa na moyo... na sasa najua, hakuna ukuta utakaonificha tena, kwa hiyo hata kopo hili halitanificha, nyeupe ya kufula, ku, fu, la...

"Shemeji, au nikufungulie mimi?"

"Kaa, Davis."

"Nakusaidia bwana, Mwalimu ana basi la kuwahi."

"Aa mimi sina haraka," anasema Mwalimu Wiliam, "mwacheni mama atulie, hata wimbo kabla ya kuanza lazima ushike sauti kwanza."

...ushike sauti kwanza, maneno mazuri hayo, ahsante Mwalimu, ngoja nishike sauti, tuanze na mafungu, mafungu ni matatu, fulana nyeusi za pamba za vijana, jezi nyekundu za polista za wanaume, vitambaa vya kichwa vya bluu, vile vinavyoteleza kama samaki, vya akina mama, na kwenye fremu ya kuchapia kuna kinubi chenye nyuzi nyembamba nyembamba na chini yake TUNAIMBA BADO, jubilei yao, nyuzi zile nilizipenda tangu nilipoziona, nikajua pia ndizo zitakazonitia aibu nikikosea, nyuzi zikigusana kinubi kinakuwa ungo... pamba siisumbukii, pamba naijua, pamba inakunywa, ukiweka nyeupe nyepesi juu ya fulana nyeusi inazama yote kama maji kwenye mchanga, unaiona inang'aa, unageuka kuchukua nyingine, ukirudi ni kijivu, pamba inataka nyeupe nzito, uvute raba ya kusukumia rangi, ukaushe kidogo, uvute tena juu yake, ndiyo inakaa, na kopo lake nimeshalisoma, NYEUPE NZITO PAMBA, halina ubishi, vitambaa vya kichwa navyo NYEUPE LAINI, maana kitambaa cha mama kinakunjwa kinafungwa kinafunguliwa, ukiweka nzito kwa Pasaka moja tu imepasuka kama matope ya lambo kiangazi, laini, sawa, mkono wangu unaijua hata ikiwa gizani, inateleza kwenye kijiko... shida ni jezi, jezi ndiyo mwanaharamu, na kwa jezi yamebaki makopo mawili ambayo hayajataja kitambaa, NYEUPE YA KUZUIA na NYEUPE YA KUFULA, moja kati ya haya ndilo la njano, ndilo la jezi, na Davis anasema la kufula, na Mwalimu anataka isitoke kwenye kufua, na mtu yeyote mwenye akili angeminya bisibisi hii sasa hivi... kuzuia, Davis ameshalicheka hilo kopo, kuzuia nini, mimba? hiyo ni dawa ya kuzuia maji kwenye ukuta shemeji, kaka alikuwa anapaka choo...

ningejaribu kwenye tambara kwanza, ndivyo marehemu alivyofanya siku zote, tone kidogo, moto, kuangalia, lakini nikinyanyua tambara tu mbele yake huyu, namsikia, hata hajafungua mdomo namsikia, ataenda Kagongwa kusema anabahatisha, Mama Ritha anabahatisha, neno analolisubiri ndilo hilo, ameliandalia mpaka mate... na mimi kweli nabahatisha? hapo ndipo panaponichoma, siyo Davis, Davis ni Davis, je mimi nabahatisha au najua, maana nimesoma herufi zote sita za kufula na bado kuna kitu kinakwangua, kinakwangua kama punje ya mchanga chini ya fremu, ukivuta raba unaisikia mkononi kabla jicho halijaiona... baba yangu hakuwa na ng'ombe mweupe, ukimwambia ng'ombe mweupe kapotea anakuuliza yupi, mweupe wa maziwa, mweupe wa majivu, mweupe wa mfupa wa zamani, alikuwa anawajua kwa mbali kwenye vumbi, mtu mwingine anaona kundi yeye anaona watu, Telesphori alipokuja kutoa mahari akapewa chakula akasema mzee una ng'ombe weupe wazuri, baba akamkata jicho, mweupe yupi? akashindwa, akacheka, akasema basi nifundishe baba, nadhani ndipo baba alipomkubali, siyo kwa mahari, kwa ile nifundishe... na baadaye ndiye aliyenifundisha mimi kwamba rangi nyeupe nazo ni kundi, siyo mmoja, na mimi nikamwambia hilo alilijua baba kabla yako...

jezi, rudi kwenye jezi, zile jezi nyekundu za timu ya wachimbaji, zile ndizo zilizotufundisha, tulichapa majina meupe safi, tukaning'iniza, tukafurahi, jioni timu inacheza na Ushirombo, wanatoka uwanjani majina ni pinki, pinki kabisa kama midomo ya bibi harusi, uwanja mzima unaimba akina dada hao, akina dada hao, na kipa wao, lile jitu la kwenye karasha la kusagia mawe, akaja hapa na jezi mkononi hata matusi hana, kaishiwa, anasema tu fundi, mimi dada? Telesphori akaichukua jezi akaiangalia juani muda mrefu, akaniambia siyo nyeupe iliyotoka, nyekundu ndiyo iliyopanda, unaona, nyekundu ya polista ikipata moto inapanda, inaingia ndani ya nyeupe kama damu kwenye bandeji, hapa inatakiwa kitu cha kui... cha kui... akatafuta neno, akaweka kiganja juu ya jezi, akakandamiza, cha kuikalia... cha kuizuia...

kuzuia.

...kuzuia, Davis, siyo mimba wala choo, ni nyekundu, nyeupe ya kuzuia nyekundu isipande, aliifuata Kahama akarudi nayo kwenye mapaja kama mtoto mchanga, ndilo kopo la njano, ee Mungu, ndilo, kiganja chake juu ya jezi nakiona na ule ukucha mweusi uliogongwa na nyundo, lakini ngoja, usikimbie, kama kuzuia ni jezi, kufula ni nini, maana Mwalimu Wiliam anasema tena isitoke, Mama Ritha, kwenye kufua tu ndiyo hofu yangu, na mtu atauliza kwa nini umeacha iliyoandikwa ya kufua ukachukua isiyoandikwa, na mimi siwezi kujibu kwa kiganja cha marehemu, lazima nijibu kwa maneno, nimeenda shule kwa ajili ya hilo... kufula, na mbona kufula, mbona siyo kufua, hapo, hapo ndipo punje ya mchanga ilipo, Davis anaisoma kufua kwa sababu anaisoma haraka, anayesoma haraka anasoma anachokijua, mimi nasoma polepole, silabi silabi, na silabi ya mwisho ni la, haina ubishi, la, nani anasema kufula, tunasema inafuliwa, tunasema kufulia, lakini kufula hivyo peke yake hakuna, na Telesphori hakuwa mtu wa kuongeza herufi, wino wenyewe aliuonea huruma... la, la, Mwalimu Febronia na fimbo yake ya ubaoni, ra, ulimi utetemeke mama, la, ulimi ulale, na darasa zima la watu wazima tunasema la na la, Mayala yule mchunga ng'ombe anasema mwalimu mimi ulimi wangu umeshalala tangu nizaliwe hauamki, tukacheka mpaka mwalimu akakaa chini, kwetu Usukumani nani alimfundisha mtu kutetemesha ulimi, tulisema balabala, tulisema langi, tulisema mpila wa miguu na mpira ukaingia golini vile vile... na siku nilipoandika jina la mwanangu wa kwanza, mara yangu ya kwanza kwenye maisha, nimelizaa jina hilo nimeliita nimeligombeza nimelibembeleza, nikaandika nikapeleka mbele, L-I-T-H-A, na Mwalimu Febronia akasema kwa upole, mama, Ritha, kwenye cheti cha ubatizo ni r, nikasema hapana, baba yake alimwita Litha, akasema aliita hivyo lakini inaandikwa hivi, nikakaa chini nikalia, siyo kwa kukosea, nililia kwa kuwa nilikuwa nimeandika sauti yake, nilikuwa nimeandika jinsi anavyoita, kutoka mlangoni, jioni, na vumbi la barabara kwenye nyusi, na shule ikaja ikaisahihisha...

Litha.

...kufula.

...aliandika anavyosema, ee Telesphori, uliandika unavyosema, kama mimi, kama Mayala, ulimi umelala ukaandika umelala vile vile, siyo kufula, ni kufura, ku-fu-ra, nyeupe ya kufura, inayofura, ile ya watoto wa komunyo ya kwanza, mwanakondoo! mwanakondoo kwenye fulana za watoto, alipoipitisha kwenye moto manyoya yakaanza kuinuka, taratibu, yakainuka kweli kweli, na mimi nikapiga kelele shetani, na yeye akashika mbavu, anacheka, Mama Litha ona inafula, inafula kama andazi la mama Mbuke, na watoto wakawa wanampapasa mwanakondoo kifuani misa nzima padri akachukia... inafula, alisema inafula, nilimsikia kwa masikio yangu, na neno limekaa hapa kwenye kopo muda wote huu linanisubiri nijue kusoma, halafu linanisubiri nijue kukosea, maana Mwalimu Febronia mwenyewe angekuja hapa angesoma kufua, Davis kasoma kufua, lazima awe mtu aliyemwandika mwanawe Litha ndiyo alisome hili... na ningeminya bisibisi, ee Mama Maria, ningeminya, nyuzi za kinubi zingeingia kwenye moto nyembamba zikatoka mihogo, TUNAIMBA BADO ingevimba kama jipu, na nyekundu ingepanda humo humo ndani ya mvimbo, kinubi kinono cha pinki, na Mwalimu Wiliam kwa adabu yake angesema aa siyo mbaya sana, na Davis angeinuka tu angepima mlango kwa hatua...

"Shemeji umelala wima? Mwalimu, huyu anasali."

"Anasoma," anasema Mwalimu Wiliam.

"Kopo moja, asubuhi nzima? Hata Biblia ingekuwa imeisha."

...cheka Davis, cheka, una haki, kwa nje nimesimama tu, bisibisi iko pale pale chini ya mfuniko ule ule, jezi imelala kwenye ubao mikono imefunguka kama mtu anayesubiri kukumbatiwa, lori la pamba linapita kwenda Ushirombo vitu vyote vinatetemeka, hakuna kilichobadilika, hata nzi yuko pale pale kwenye mdomo wa chupa ya soda ya Mwalimu, na mimi sina haraka, kwanza nitatoa bisibisi hii taratibu nisikune plasta, hili kopo lisikwanguliwe hata herufi moja, halafu nitachukua tambara, ndiyo, tambara, mbele yako wewe, lile jekundu la jezi ya kipa aliloacha hapa kwa hasira, nitaweka tone la kuzuia upande huu na tone la kufula upande huu, nitaweka motoni, na wewe Davis utasimama hapa uangalie lipi linakaa na lipi linavimba, siyo kubahatisha huko, anayebahatisha haweki matone mawili kwa majina, na ukienda Kagongwa sema chochote, sema ngumbaru, neno lenyewe nimeshaliandika kwenye daftari la darasani na nikapata vema... na hii plasta nisiibadilishe, Ritha atasema mama andika upya vizuri, kufura, kwa r, hapana mwanangu, nitafunga matambara mapya kwenye mishikio, njano kwa kuzuia, kijani kwa pamba, nikizeeka macho yakififia yatanifaa, lakini maneno yabaki, yamekosewa hivyo hivyo yabaki, shule isifike hapa, nataka niwe nakuja asubuhi nafungua mlango wangu barabarani, nasoma polepole kwa sauti, nye-u-pe ya ku-fu-la, kwa ulimi uliolala, maana picha zake ninazo lakini picha hazisemi, ni hapa tu kwenye kopo anaposema, anaposema kwa sauti yake mwenyewe na kosa lake mwenyewe, Mama Litha, lete njano...

abee, nakuja nayo.